UZI: Nani abebe mzigo wa shaka? Jinsi vumbi la mabomu ya nyuklia linavyokadiriwa

1/
Mjadala wa nyuklia ukizuka hapa Kenya, uwe wa mtambo wa umeme kule Kilifi au wa taka zinazodaiwa kufukiwa kaskazini, huishia kwenye kauli mbili. Huyu anasema hakuna ushahidi kwamba kuna mtu amedhurika. Yule anasema tunauawa kimyakimya. Kila mmoja anapigiwa makofi na watu wake, kisha tunaenda kulala.

2/
Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie historia ya swali moja tu: serikali zilizolipua mabomu ya majaribio zilijuaje ni mionzi kiasi gani iliyowaangukia raia? Mtambo wa umeme si bomu, hayo tusichanganye. Lakini ubishi kuhusu vipimo unafanana sana, na ukiuelewa huu hutadanganywa kirahisi kwenye ule mwingine.

3/
Tuanze na kampuni ya filamu. Tarehe 16 Julai 1945 Marekani ililipua bomu la kwanza la nyuklia jangwani New Mexico, kwa siri kubwa. Miezi michache baadaye kampuni ya Kodak ikaanza kupokea malalamiko: filamu za eksirei zina madoa meusi, na hata hazijatumika bado.

4/
Mwanafizikia wa Kodak, Julian Webb, akafuatilia. Akagundua kwamba tatizo halikuwa kwenye filamu bali kwenye kadibodi ya kufungashia, iliyotengenezwa kiwandani Indiana, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mahali bomu lilipolipuliwa. Vumbi lilikuwa limesafiri na upepo, likateremshwa na mvua, likaingia kwenye maji ya mto yaliyotumiwa na kiwanda. Kwa hivyo mtu aliyekuwa anauza filamu alijua kuhusu vumbi la bomu kabla ya mwananchi.

5/
Miaka ya 1950 majaribio yakahamia Nevada. Theluji ikaanguka Rochester, New York, yalipo makao ya Kodak, na mashine zao zikaonyesha mionzi. Kodak ikatishia kwenda mahakamani. Wakakubaliana: Tume ya Nishati ya Atomiki itakuwa inaziarifu kampuni za filamu mapema kabla ya majaribio, zijipange.

Wazazi waliokuwa wanawanywesha watoto maziwa upande ule ule wa upepo hawakupata taarifa kama hiyo. Shikilia hilo, tutalirudia.

6/
Sasa, vumbi lenyewe ni nini? Bomu likilipuka karibu na ardhi hunyonya udongo na mchanga juu angani. Mabaki ya urani au plutoniamu iliyopasuka hushikamana na chembe hizo. Zile nzito huanguka karibu, zile nyepesi husafiri. Mvua ikikutana na wingu hilo huliteremsha kwa mkupuo. Ndiyo maana kijiji kilicho mbali lakini kilichonyeshewa kinaweza kupata vumbi kuliko kijiji kilicho karibu ambacho kilibaki kikavu.

7/
Kuna kanuni ya vidole ambayo wapimaji huitumia. Kila muda ukiongezeka mara 7, ukali wa mionzi hushuka mara 10. Tuseme saa 1 baada ya mlipuko kipimo ni 1,000:

Saa ya 7: 100
Saa ya 49: 10
Baada ya wiki 2 hivi: 1

Sasa fikiria mpimaji anayefika wiki ya tatu na kutangaza kuwa hali ni shwari. Hajadanganya. Lakini mtu aliyekuwa hapo siku ya kwanza alishapata sehemu yake kubwa kabla ya mashine kufika.

8/
Kisha kuna yale yanayoingia mwilini, na hapa ndipo hesabu inakuwa ngumu. Ayodini-131 hupungua nusu kila siku 8. Huanguka kwenye nyasi, ng'ombe hula nyasi, ayodini huingia kwenye maziwa, mtoto hunywa maziwa, na mwili huipeleka moja kwa moja kwenye tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akipata goita. Tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hivyo kiasi kile kile cha ayodini humuumiza yeye kuliko mtu mzima. Na maziwa ya mbuzi huwa na ayodini nyingi kuliko ya ng'ombe.

9/
Kwa hivyo ukitaka kujua mtoto fulani alipata mionzi kiasi gani mwaka 1953, ni lazima ujue: vumbi liliangukaje pale kwao, mvua ilinyesha siku gani, ng'ombe alikuwa malishoni au zizini, maziwa yalikaa siku ngapi kabla ya kunywewa, na mtoto alikunywa vikombe vingapi. Nani aliyaandika hayo yote? Hakuna. Wanasayansi hujaza mapengo kwa makisio. Makisio si dhambi, mradi yaandikwe wazi ili mwingine aweze kuyapinga.

10/
Marekani walikuwa na kifaa rahisi: karatasi yenye gundi. Iliwekwa nje kwa saa 24 ikinasa vumbi, kisha ikatumwa maabara, ikachomwa hadi majivu, na majivu yakapimwa mionzi. Vituo vya namna hiyo vilitawanywa nchini. Karatasi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kulinda afya ya mtoto yeyote. Lakini miaka 30 baadaye ndizo zilizobeba hesabu nzima.

11/
Maana mwaka 1983 sheria ilipitishwa kuitaka wizara ya afya ichunguze ayodini ya Nevada iliwafikia raia kiasi gani. Taasisi ya Taifa ya Saratani ikaifanya kazi hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1997. Miaka 14! Mtoto aliyezaliwa sheria ikipitishwa alikuwa tayari yuko sekondari.

12/
Matokeo: Wamarekani karibu milioni 160 wa wakati huo walipata, kwa wastani, dozi ya takriban rad 2 kwenye tezi. Ukisikia wastani, uliza mara moja: umeficha nani? Watoto wa miezi 3 hadi miaka 5 walikuwa na dozi mara 3 hadi 7 ya wastani. Na kuna kaunti za Montana, Idaho na majimbo jirani ambazo wastani wa watu wake ulikuwa kati ya rad 9 na 16, wakati kaunti nyingine hazikuguswa sana. Ile ile "Wamarekani kwa wastani" ilikuwa na watu wawili tofauti kabisa ndani yake.

13/
Je, saratani ngapi? Makadirio yalisema kati ya 11,300 na 212,000, huku kadirio la katikati likiwa 49,000. Soma tena huo mpana wake. Namba ya juu ni karibu mara 19 ya ile ya chini.

Hapo mwanasiasa mmoja angechukua 11,300 na mwingine angechukua 212,000, wote wakisema wamenukuu ripoti ya serikali. Na wote wangekuwa wamenukuu ripoti ya serikali.

14/
Sasa twende mahali ambapo makadirio kama hayo yaligeuka kuwa kesi za watu: Polynesia ya Ufaransa, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Kati ya 1966 na 1996 Ufaransa ililipua mabomu 193 kwenye visiwa viwili vya huko, Moruroa na Fangataufa. Zaidi ya 40 kati ya hayo yalilipuliwa hewani, yasiwe chini ya ardhi.

15/
Tarehe 17 Julai 1974 walilipua bomu lililopewa jina Centaure. Wingu lilitarajiwa kupanda hadi mita 9,000. Likaishia kama mita 5,200, ambako upepo ulikuwa unaelekea kwingine. Badala ya kwenda ilikopangwa, likaelekea Tahiti, kisiwa chenye watu wengi kuliko vyote. Likafika baada ya saa 42 hivi.

Saa 42 ni muda mrefu. Unatosha kabisa kuwaambia watu wabaki ndani na wasiwape watoto maziwa mabichi. Hawakuambiwa.

16/
Miaka ikapita, watu wakaanza kuugua saratani na kudai fidia. Januari 2010 Ufaransa ikapitisha sheria: ukiwa uliishi maeneo fulani katika miaka fulani, na una ugonjwa ulio kwenye orodha, unachukuliwa kuwa mwathiriwa. Safi. Lakini kulikuwa na kifungu kidogo: serikali ingeweza kukukatalia ikisema hatari uliyopata ilikuwa ndogo mno. Wengi sana wakakataliwa kupitia kifungu hicho.

17/
Mwaka 2017 kifungu kikaondolewa. Desemba 2018 mlango ukafungwa tena kwa namna nyingine, ndani ya sheria ya bajeti: tume ya fidia inaweza kukukatalia ikionyesha kwamba dozi yako ilikuwa chini ya milisiveti 1 kwa mwaka.

Wakenya tunaujua mtindo huu wa kupenyeza jambo zito ndani ya sheria ya fedha. Sisemi zaidi.

18/
Milisiveti 1 ni nini? Ni kikomo cha kimataifa cha mionzi ya kutengenezwa ambayo raia wa kawaida anapaswa kupata kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili, kutoka kwenye miamba, hewa na anga, humpa mwanadamu wa kawaida takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hivyo 1 si mstari kati ya uzima na kifo. Ni mstari wa utawala uliowekwa kwa tahadhari. Lakini ukishaandikwa kwenye sheria ya fidia, mwenye 0.9 anarudi nyumbani na mwenye 1.1 analipwa.

19/
Na hiyo 0.9 inatoka wapi? Inatoka kwenye makadirio. Nani aliyakadiria? Kamisheni ya Nishati ya Atomiki ya Ufaransa, mwaka 2006. Yaani taasisi ile ile iliyotengeneza mabomu ndiyo iliyokadiria vumbi lake, na karatasi za vipimo vya awali zilikuwa siri ya jeshi. Ubishane nayo kwa kutumia nini?

20/
Mwaka 2013, baada ya wahanga kwenda mahakamani, sehemu ya karatasi hizo ikaachiliwa. Karibu kurasa 2,000. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Sébastien Philippe, pamoja na waandishi wa habari wa Disclose na kikundi cha Interprt, wakazichambua na kurudia hesabu. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba katika baadhi ya visiwa dozi huenda zilikuwa mara 2 hadi 10 ya zile zilizotangazwa mwaka 2006.

21/
Tofauti kubwa hivyo inatokana na nini? Si fizikia. Fizikia ni ile ile. Tazama mfano wa visiwa vya Gambier: walieleza kwamba hesabu ya 2006 haikuingiza maji ya mvua ambayo watu walikuwa wanakunywa.

Yeyote aliyekulia nyumba ya mabati yenye mfereji na tangi pembeni anaelewa papo hapo. Mvua ndiyo inayoteremsha vumbi. Paa ndilo linalolikusanya. Tangi ndilo linaloliweka. Ukisahau tangi, umesahau mlango mkuu. Mama yeyote wa kisiwani angewaambia hivyo kwa dakika moja, kama angeulizwa.

22/
Kwa jaribio la Centaure peke yake, walikadiria kuwa watu wapatao 110,000, karibu wakazi wote wa Tahiti na visiwa vya jirani wa wakati huo, huenda walivuka milisiveti 1. Unaona uzito wake? Kadirio likisogea kidogo juu ya mstari, umati mzima unapata haki ya kusikilizwa. Likisogea kidogo chini, wanapoteza.

23/
Sasa subiri kabla hujashangilia, kwa sababu kuna upande wa pili na ni wa kweli pia. Mwaka 2023 watafiti wengine wa Ufaransa, wakiongozwa na Florent de Vathaire, walitumia karatasi zile zile zilizoachiliwa, wakachunguza wagonjwa wa saratani ya tezi huko Polynesia. Walikadiria kwamba ni asilimia chache tu ya saratani hizo zinazoweza kuhusishwa na majaribio.

24/
Je, utafiti huu unaupinga ule? Si lazima. Mmoja unauliza: ni watu wangapi huenda walivuka mstari wa sheria? Mwingine unauliza: ni saratani ngapi zilisababishwa na mabomu? Watu 110,000 wanaweza kuvuka mstari, na bado wengi wao wasiugue kamwe kwa sababu hiyo. Mdahalo wa runinga huyapambanisha majibu ya maswali mawili tofauti kana kwamba ni ya swali moja.

25/
Na kuna jambo ambalo sayansi haiwezi kulifanya, hata ukiipa pesa zote. Ikikuonyesha wagonjwa 100 wa saratani ya tezi, inaweza kusema labda 2 au 3 wametokana na bomu. Haiwezi kukuonyesha ni yupi. Saratani haina mhuri.

Basi mtu ni lazima aamue: tuwalipe wote 100, ili wale wachache wasikose? Ama tusimlipe yeyote hadi athibitishe, tukijua hakuna atakayeweza kuthibitisha? Hilo si swali la maabara. Ni la siasa, na anayekwambia "tuwaachie wanasayansi" ameshachagua jibu lake.

26/
Juni 2025 tume ya uchunguzi ya Bunge la Ufaransa yenyewe ilipendekeza ule mstari wa milisiveti 1 uondolewe kwenye sheria ya fidia. Yaani shaka iwe mzigo wa serikali, isiwe mzigo wa mgonjwa.

27/
Afrika je? Ufaransa ilianzia kwetu. Tarehe 13 Februari 1960 ililipua bomu la kwanza karibu na Reggane, kusini mwa Algeria, lenye nguvu ya zaidi ya mara 4 ya lile la Hiroshima. Ghana ilizuia mali za Ufaransa. Baada ya jaribio la tatu, Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi. Kwa jumla walilipua 4 hewani hapo Reggane, na 13 chini ya mlima kule In Ekker, la mwisho likiwa mwaka 1966, miaka minne baada ya Algeria kupata uhuru.

28/
Tarehe 1 Mei 1962 jaribio moja la In Ekker, liitwalo Béryl, lilipasua mlima na wingu likatoka nje, huku viongozi waliokuja kutazama wakitimua mbio. Sheria ya 2010 inawahusu Waalgeria pia. Ila waliolipwa wanahesabika kwa vidole. Mfugaji wa kuhamahama aliyepita pale mwaka 1962 atatoa wapi karatasi ya kuonyesha alikuwa hapo? Mahali pasipo na kipimo, dozi huandikwa ndogo au haiandikwi kabisa.

29/
Lakini kipimo hakina chama, na huu ndio mfano ninaoupenda zaidi. Vumbi la Sahara linapovuka hadi Ulaya, watu husema: mabomu ya Ufaransa yanarudi nyumbani. Ni hadithi tamu. Machi 2022 dhoruba kubwa ilitokea, raia wa nchi kadhaa za Ulaya wakakusanya vumbi hilo na kuwatumia watafiti, zaidi ya sampuli 100.

30/
Plutoniamu ina alama zake, kama alama za vidole. Ya mabomu ya Ufaransa kule Algeria ina uwiano wake, na ile iliyotapakaa dunia nzima kutokana na majaribio makubwa ya Marekani na Muungano wa Kisovieti ina wake. Matokeo yakachapishwa mwaka 2025: vumbi lile lilikuwa na alama ya Marekani na Wasovieti. Na kiwango chake kilikuwa kidogo, chini sana ya kile cha kuhatarisha afya.

Kwa hivyo hadithi tamu haikuwa kweli. Hilo halimfutii Mfaransa hesabu yake ya Reggane hata kidogo. Linatuonyesha tu kwamba ukidai kipimo ni lazima ukubali pia kikikusuta.

31/
Kwa hivyo mara nyingine mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akikuletea takwimu ya mionzi, ya sumu kwenye maji, au ya dawa mashambani, muulize haya:

Ilipimwa au ilikadiriwa?
Ilipimwa lini, siku ya kwanza au wiki ya tatu?
Nani alipima, na karatasi za mwanzo ziko wapi?
Huo wastani umewaficha akina nani?
Mlihesabu maji ya tangi na maziwa ya mbuzi, ama mlihesabu maisha ya mtu wa mjini?
Na tukikosa uhakika, nani abebe mzigo: aliyelipua au aliyeangukiwa?

32/
Swali hilo la mwisho ndilo linalokwepwa zaidi, kwa sababu halina mtaalamu wa kulijibu kwa niaba yetu. Kodak walilijibu kwa upande wao mapema kabisa: walikuwa na mashine zao za kupimia, wakawa na wakili, wakapewa taarifa. Watu wa Rongelap, Reggane na Mangareva hawakuwa na mashine wala wakili.

33/
Ndiyo maana mimi, kabla hata ya kubishana kama mradi fulani ni mzuri au mbaya, huuliza kwanza kama wakazi watakuwa na vipimo vyao wenyewe, vilivyochukuliwa kabla mradi haujaanza, na ambavyo hakuna ofisi inayoweza kuvifungia kabatini. Bila hivyo, miaka 40 baadaye wajukuu wao watakuwa wanabishana na makadirio ya mtu mwingine.

Mwisho wa uzi. Kama una swali au una hoja ya kunipinga, weka hapa chini na tujadiliane kwa heshima.